Utani ni wa Mjukuu

Siku afisa ustawi alipokuja kwa mara ya mwisho, Noela alikuwa ameazima vitambaa vya makochi kwa jirani yake Zubeda, ameficha ndoo ya maji machafu nyuma ya nyumba, na amemvalisha Mauwa gauni la Krismasi ingawa ulikuwa mwezi wa saba. Hakukuwa na haja. Yule afisa, Tupokigwe, alishaingia nyumba ile ya Boko mara nyingi, ameiona ikiwa na vitambaa na ameiona ikiwa haina, na kila mara alitoka ameridhika. Lakini binadamu anayeomba kitu kikubwa huogopa hata vumbi lake mwenyewe, na Noela alikuwa anaomba mtoto.

Mauwa alikuwa na miaka minne na nusu. Noela na mumewe Gaudens walimchukua kutoka makao ya watoto akiwa bado anatambaa, wamlee kwanza huku serikali ikiwatazama. Wakionekana wanafaa, ndipo mahakama iwape wawe wazazi wake kabisa. Huko ndiko kuasili. Mzee Marselino, baba yake Gaudens, aliposikia neno hilo mara ya kwanza aliuliza kama mtu anaweza kuasili bila kuasi, na alipoambiwa ni maneno mawili tofauti, akasema Kiswahili cha serikali kina mitego. Sasa ilibaki ripoti moja tu ya Tupokigwe iende Mahakama Kuu.

"Haya Mauwa," Tupokigwe alisema, kalamu mkononi, "niambie, humu ndani unakaa na nani?"

"Na mama. Na baba. Na mume wangu."

Noela alicheka haraka, kama mtu anayewahi chungu kisifurike.

"Mume wako ni nani?"

"Si yule pale?" Mtoto alinyoosha kidole mlangoni, mzee Marselino alikokuwa amekaa kizingitini akipiga msasa kinyago cha kobe. Kuchonga alishaacha, macho hayamruhusu, lakini Gaudens humletea vidogo vidogo kutoka kibanda chake cha vinyago Mwenge ili mikono ya mzee isilale. "Mie mke mdogo. Mke mkubwa alikufa, yuko Ndanda."

Mzee aliinua kichwa, amefurahi kutajwa. "Mke gani huyu," alimwambia mgeni. "Chai hajui, ugali hajui, kazi yake kula biskuti. Kesho namrudisha kwao."

"Kwetu hapahapa," Mauwa alijibu bila kugeuka.

"Unaona? Nimeshamshindwa."

Utani huo hauna mwenyewe. Nenda Mtwara, nenda Mwanza, utamkuta babu mwenye meno mawili analalamika kwamba mke wake wa chekechea amemkimbia, na bibi kizee anayemlilia mume wake aliyekwenda shule bila kumuaga. Tupokigwe alitabasamu. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akauliza swali lililofuata kwenye orodha yake.

"Na unalala wapi, Mauwa?"

"Chumbani kwa mume wangu."

Noela aliacha kucheka. Akaanza kueleza, na maneno yakamtoka mengi kuliko yaliyohitajika: kwamba kitanda cha mtoto kilikuwa chumbani kwao yeye na Gaudens, kwamba masika bati lilivuja upande ule, kwamba wakakihamishia kwa babu yake mpaka fundi apatikane, na kila mtu ana kitanda chake na chandarua chake. "Njoo uone, dada. Njoo uone mwenyewe."

Tupokigwe akaenda kuona. Vitanda vilikuwa viwili, vyandarua viwili. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyochukua kuhesabu viwili. Aliporudi hakumalizia soda yake.

"Jumatatu mje ofisini," alisema akivaa viatu. "Nyie na mtoto. Na mzee pia."

"Kuna tatizo, dada?"

"Mje tu."

*

Gaudens aliporudi jioni, mikono inanuka rangi ya viatu wanayong'arishia vinyago, alisikiliza habari yote na kucheka. Noela akamtazama mpaka kicheko kikamwishia mdomoni.

"Haiwezekani," Gaudens alisema. "Yeye si Mtanzania? Si ana babu?"

"Hukumwona uso wake. Mie nilimwona."

"Basi tumwambie baba aache."

"Tumwambie nani? Umwambie wewe. Baba yako."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwana anamwambiaje baba yake jambo kama hilo? Ataanzia neno gani? Gaudens alikwenda kukaa karibu na mzee kizingitini, akaokota kobe, akamgeuza, akampuliza vumbi.

"Baba, ule utani wa mume na mke, tuupumzishe kidogo."

"Utani nao unachoka?"

"Serikali haiutaki."

Mzee alifikiri. "Serikali haina babu?"

Gaudens akamrudishia kobe wake. Akamwacha mzee akiamini ni mambo ya ofisini, kama yale ya kutakiwa picha yenye mandhari ya bluu. Akaingia ndani, akabeba kitanda cha mtoto, akakirudisha chumbani kwao chini ya bati linalovuja.

Noela naye alikuwa na shule yake. Jumamosi yote na Jumapili baada ya misa, alimkalisha Mauwa uani kwenye mkeka, pakiti ya biskuti pembeni.

"Yule ni nani?"

"Mume w—"

"Ee-ee. Ni babu. Sema babu."

"Babu."

Biskuti moja. Tena. Tena. Mtoto alikuwa mwepesi kushika, lakini kila alipomwona mzee anapita alisahau, maana kwake neno lile lilikuwa ndilo jina la mzee. Mwishoni Noela, aliyekuwa amechoka na ameogopa, alisema kile ambacho baadaye angetoa chochote akirudishe kinywani.

"Ukisema lile neno, utachukuliwa."

"Na nani?"

"Na yule dada wa kalamu. Atakuchukua, hutaniona tena. Usiliseme. Na akikuuliza, usimwambie."

Uso wa mtoto ulibadilika. Noela aliona woga ukiingia, na Mungu amsamehe, alifurahi kuuona, kwa sababu baada ya hapo Mauwa hakukosea tena.

Jioni ile mtoto alitumwa kumwita mzee chakulani. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. "Babu, chakula tayari." Mzee Marselino aligeuza shingo kutazama nyuma yake, aone ni babu gani amekuja.

*

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa ubao usiofika darini. Tupokigwe aliingia na Mauwa upande wa pili, wao watatu wakabaki kwenye benchi pamoja na mama mmoja aliyekuwa anadai matunzo na mwanamume aliyekuwa anayakataa. Kila kitu kilisikika. Mzee alikuwa amevaa koti lake la misa.

"Yule mzee uliyekuja naye ni nani?"

"Babu."

"Siku ile ulimwitaje?"

Noela alishika ukingo wa benchi.

"Mauwa? Siku ile nyumbani, ulimwitaje?"

"Babu tu."

"Kulikuwa na jina lingine."

"Sisemi."

"Kwa nini husemi?"

"Mama kasema nikisema nitachukuliwa."

Yule mama wa matunzo alimgeukia Noela, kisha akamtazama mzee, kisha akasogeza mkoba wake. Gaudens alifumba macho. Mzee pekee ndiye aliyebaki kama alivyokuwa, akingoja zamu yake ya kuulizwa umri na mahali alipozaliwa.

Tupokigwe alitoka peke yake, akaubana mlango. Hakuwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi, alionekana mgonjwa.

"Nani amemfundisha?"

"Mie," Noela alisema. "Niliogopa, dada. Niliogopa tu."

"Dada, wewe si mgeni nchi hii," Gaudens alidakia. "Unaujua utani wa babu na mjukuu."

"Naujua. Kwetu Tukuyu babu yangu aliniitaga mke wake mpaka anakufa, na siku ya msiba nilimlilia kama mjane. Sihitaji kufundishwa utani." Aliteremsha sauti, ingawa haikusaidia kitu. "Lakini utani ni wa mjukuu. Huyu si mjukuu wake."

Mzee Marselino akainuka nusu. "Ni nani basi?"

"Ni mtoto aliye chini ya serikali, mzee wangu. Mahakama bado haijasema. Na mie naweza kupokea utani. Siwezi kupokea utani unaofichwa. Mtoto amefundishwa kunyamaza juu ya mwanamume anayelala naye chumba kimoja. Mngekuwa nyie mngefanya nini? Kuna nyumba nilitoka mwaka jana nikicheka nao, kila mtu anacheka. Sitaki kuwaambia nilirudi kuchukua nini."

Mzee alikuwa mzito wa kuelewa. Si uzee, jambo lenyewe halikuwa na pa kukaa kichwani mwake. Walimwona likimfikia polepole, na Gaudens akainamisha uso asiendelee kuona.

"Binti," mzee alisema, "unasema mie..." Alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Noela alisimama. Hakupiga kelele, alisema kama anayetoa maelezo dukani. "Tulipomleta huyu mtoto, baba hakumtaka. Alimwita mgeni. Mgeni kala? Mgeni kalala? Karibu mwaka mzima, dada, mtoto anatambaa mpaka anatembea, anaitwa mgeni. Siku moja mtoto akamnyang'anya muwa mkononi, baba akasema, mke wangu huyu mchoyo. Mie nilikwenda kulia jikoni. Ndiyo siku mtoto alipata ukoo. Sie mahakama yetu ilikuwa ile."

"Nakuelewa, Noela."

"Basi kama unanielewa..."

"Nakuelewa. Lakini leo haondoki na nyie."

Gari la makao ya watoto lilikuja mchana. Mauwa hakulia alipoinuliwa. Alikuwa anajitetea. Alimtazama Noela kupitia bega la mlezi aliyembeba, akasema mara nyingi, akiongeza sauti kadiri alivyokwenda, "Mama, sikusema. Lile neno sikulisema."

*

Habari haikai ofisini. Sijui aliyeifikisha Boko ni yule mama wa matunzo au mwingine, lakini wiki haikwisha kabla Zubeda hajaja kuchukua vitambaa vyake vya makochi, ambavyo siku nyingine vingekaa hata miezi.

"Pole, shoga," alimwambia Noela, akivikunja. "Afadhali hukumzaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Alisema kwa wema. Ndiyo maana liliuma. Tusi angalau lina jibu.

Watoto wa Zubeda walizoea kukaa miguuni kwa mzee kungoja mabaki ya mpingo wachezee. Sasa mzee akitoka na msasa wake, sauti ilisikika kutoka dirishani ikiwaita ndani, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao yote mawili. Dukani alikonunua ugoro, muuzaji alimpa bila kumsalimia. Kanisani, kwenye benchi ambalo hukaa watu sita, alikaa yeye na mwanawe tu. Watu hawakumwuliza neno. Angeulizwa, angejibu. Polisi walimwuliza, alikaa asubuhi nzima mbele ya kijana wa dawati la jinsia na watoto, wa umri wa kuwa mjukuu wake, akajibu kila kitu, hata yale ambayo mtu hamwambii daktari. Alirudi nyumbani, akaomba maji ya kuoga, na hakula.

Noela aliruhusiwa kumwona Mauwa kila Jumamosi, mlezi wa makao akiwa palepale. Mtoto alikuwa msafi, amenenepa kidogo hata. Alikuwa amejifunza kuomba ruhusa kwa kila kitu, kwenda chooni, kunywa maji, kumshika Noela mkono. Jumamosi ya tatu aliuliza, "Nikae?" kabla ya kumkalia mapajani. Noela alikwenda mpaka kituo cha basi akiwa amejikaza, akafika hapo akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kanisani.

Na ilikuwa baada ya Jumamosi hiyo ndipo alipofanya jambo ambalo hajawahi kumwambia Gaudens. Mzee alikuwa ametoka. Noela aliingia chumbani kwake kufagia, akafagia, kisha akaweka ufagio chini. Akainua chandarua. Akageuza godoro, akalipeleka karibu na dirisha, akalitazama upande huu na upande huu. Hakujua anatafuta nini. Alichokuwa anajua ni kwamba watu wote hawawezi kuwa wajinga, na kwamba yeye mwenyewe usiku hulala kama gogo.

Alipogeuka, mzee Marselino alikuwa mlangoni.

"Unatafuta nini, mkwe?"

"Naanika godoro, baba. Kunguni."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akaingia, akashika upande mmoja wa godoro, akamsaidia kulitoa nje juani, na wakaliweka juu ya kamba mbele ya macho ya mtaa mzima. Godoro halikuwa na kitu. Noela alijua halina, na aliona aibu, na aibu ile haikumwondolea shaka. Vikakaa vyote viwili pamoja ndani yake.

*

Mwezi wa tisa Tupokigwe aliwaita, mume na mke tu. Uchunguzi umekwisha. Hakuna kitu. Mtoto yuko salama, hajaguswa na mtu, na alichokuwa anaficha ni neno tu. Noela alilaza uso juu ya meza ya serikali akalia, na Tupokigwe akamwacha alie.

"Nitaandika ripoti nzuri," alisema baadaye. "Mtoto arudi, na kesi yenu iende mbele. Ila mzee asiwepo nyumbani."

"Si umesema hakuna kitu?" Gaudens aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa aondoke kwa nini?"

"Kwa sababu juu yangu kuna wakubwa, braza, na hakuna hata mmoja atakayesaini chini ya maneno kwamba na kesho hakitatokea kitu. Faili limeshapata doa. Mahakama ikishasema, ni mjukuu wake, sheria inamtambua, wakae wote, wataniane mpaka kuche. Kabla ya hapo, hapana."

"Unaniambia nimfukuze baba yangu."

"Nakwambia ninachoweza kuandika na nisichoweza."

Dada yake Gaudens, Yuliana, alikuwa na nyumba Kigamboni na chumba cha uani, mahali palikuwepo. Tatizo halikuwa mahali. Nyumbani Gaudens alikaa kitako mbele ya baba yake, akaanza na hali ya hewa, akaja kwenye afya ya Yuliana, akazunguka mpaka mzee mwenyewe akamkatiza.

"Sema."

Akasema. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Siendi," akasema.

"Baba, ni kwa muda tu."

"Nimeelewa ni kwa muda. Siendi. Polisi wamenivua nguo kwa maswali, nikakaa. Kanisani wamenikimbia, nikakaa. Nimekaa humu kwa sababu moja, Gaudens. Mtu aliyefanya hukimbia. Nikitoka na begi kwenye mlango huu, Zubeda na wenzake hawatauliza karatasi ya ustawi imesema nini. Watasema, si mnaona? Nitakuwa nimekiri kwa miguu yangu."

Ilikuwa kweli tupu, na Gaudens aliijua. Akainuka akatoka nje. Na hapo Noela, ambaye alikuwa amesimama mlango wa jikoni muda wote, alikuja akapiga magoti sakafuni mbele ya mkwe wake, sakafu ya saruji, magoti yote mawili.

"Inuka, mama."

"Nenda, baba."

"Unajua watasema nini."

"Najua. Watasema ulifanya. Najua hukufanya, na najua watasema, na nakuomba uende." Alikuwa amemshika vifundo vya miguu. "Mtoto anaomba ruhusa kunikalia, baba. Sina kingine. Nikuombe nini tena? Nenda."

Mzee alimtazama utosi wake. Angeweza kumwambia, na mie nina nani? Angeweza kumkumbusha godoro. Wazee wengine wangesema. "Niletee lile begi la bluu," akasema. "Zipu yake mbovu, tafuta na kamba."

Aliondoka kesho yake mchana, maana alikataa kuondoka alfajiri kama mwizi. Gaudens alibeba begi, mzee akatembea mbele, koti la misa mwilini. Zubeda alikuwa anaanua nguo. "Lisemwalo lipo," alimwambia mwenzake wa ng'ambo ya uzio, wala hakunong'ona.

*

Mauwa alirudi wiki iliyofuata. Bati lilishazibwa. Aliingia vyumba vyote, akafungua mlango wa chumba cha mzee, akakuta godoro limekunjwa kitandani, akaufunga taratibu. Hakuuliza. Noela alingoja aulize, siku hiyo na siku nyingine, akiwa na jibu tayari, lakini mtoto alikuwa amejifunza kwamba kuna watu ambao ukiwataja unachukuliwa.

Mahakama Kuu ilisema kabla ya Krismasi. Jaji alikuwa mwanamke mwenye mafua, alisoma ripoti, akauliza mawili matatu, akamwambia Mauwa, "Sasa hawa ndio baba na mama yako, umesikia?" na Mauwa akajibu, "Ndiyo, naomba ruhusa kwenda chooni." Watu wakacheka. Ilichukua muda mfupi kuliko kupanga foleni ya maji. Nje, Noela alimbeba mtoto aliyekwisha kuwa mzito wa kubebwa, hakumshusha mpaka barabarani, na ilikuwa furaha, asije mtu akasema haikuwa.

"Twende Kigamboni," alisema. "Leo hii hii. Akamwone."

Walimkuta mzee Marselino katika chumba chake cha uani, kwa Yuliana. Alikuwa amekonda, na hakuwa na msasa wala kinyago mkononi. Aliwahi kumwambia Gaudens asilete, watoto wa jirani hujaa wakiona mbao. Gaudens alimwonyesha karatasi yenye muhuri. Mzee aliishika mbali na macho, akairudisha.

"Hongereni," alisema. "Hongereni sana."

"Turudi nyumbani, baba," Noela alisema. "Mahakama imesema."

"Imesema. Na Boko nako walishasema."

Mauwa alikuwa nyuma ya gauni la mama yake. Noela alimvuta mbele polepole, akamshika mabega. Alikuwa amemwambia njiani, mara nyingi kuliko zile za biskuti, kwamba sasa lile neno linaruhusiwa, kwamba halimchukui mtu tena, kwamba mzee atafurahi kulisikia. "Haya mwanangu. Msalimie. Msalimie kama zamani."

Mtoto alimtazama mzee. Alimtazama Gaudens, akautazama mlango, kama kuna mtu mwenye kalamu amesimama hapo. Akakunja magoti kidogo, kama walivyomfundisha makao.

"Shikamoo, babu."

Yuliana, aliyekuwa analeta chai, alisimama na sinia mkononi.

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee Marselino alisema, na tangu mtoto huyu aingie katika ukoo wake hakuwahi kumwita hivyo hata mara moja.

Noela alifungua mdomo aseme kitu. Mzee alikuwa ameshainuka. Alibeba kigoda chake, akapita katikati yao bila kumgusa mtoto, akaenda kukiweka nje ya geti, juani, akakaa hapo mahali ambapo watu wote wanaopita wangeweza kumwona, mpaka wageni walipomaliza chai na kuondoka.